Pipa la Posa na Digrii Zake

Jumamosi, 4 Julai 1953

Nimeposa! Yaani, karibu. Saa kumi jioni nilikwenda Temeke kwa Mzee Marselino, shati la kola, viatu vya kuazima, nikamweleza kwamba namtaka binti yake Avelina. Mzee hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliuliza pombe iko wapi. Nikauliza pombe gani. Akasema huyu Leonardi ni mtoto wa Ndanda gani asiyejua pombe ya posa.

Naijua sana. Kwetu mposaji haendi mikono mitupu. Shangazi zake humpikia pombe ya mtama, mtungi mmoja, wazee wakaonja. Wakimeza, mke unaye. Wakitema, beba mtungi wako urudi ulikotoka. Lakini shangazi zangu wote wako Ndanda, huko kusini, na hapa Dar es Salaam sina hata binamu wa kusingizia. Nilimweleza hivyo. Akasema mji haujafuta mila. Nimepewa mpaka Jumapili ya tarehe 26, baada ya misa.

Revelian alikuwepo barazani, anakunywa chai kwenye kikombe cha wageni. Huyu ni dresa, mfunga vidonda wa zahanati, mtu wa Bukoba, ana baiskeli yenye kengele mbili. Alisema amekuja kutazama goti la Mzee. Goti gani hilo la kutazamwa kila Jumamosi? Goti ni la Mzee, macho yote kwa Avelina.

Avelina mwenyewe keshakubali. Alikubali Alhamisi. Ijumaa nilimwuliza tena, akasema ndiyo. Leo nilimwuliza mlangoni wakati wa kuondoka, kwa uhakika tu, akasema si nimekwisha kukuambia. Hiyo nayo ni ndiyo. Nimeiandika.

Pombe nitapika mwenyewe. Mie ni karani wa mizani ghalani, barabara ya Pugu. Mwaka wa sita huu na hakuna gunia la korosho lililonidanganya. Kinachopimika hakinishindi.

Jumapili, 5 Julai

Nimekwenda kwa Mama Eufrazia, jirani yangu hapa Keko, tunagawana ua. Pombe yake inafuatwa na watu kutoka Chang'ombe. Ana cheti cha serikali cha kupikia pombe, amekitundika chini ya picha ya Bikira Maria. Nikaamkia, nikajifanya nauliza kwa niaba ya rafiki.

Akaeleza. Unapika uji mzito wa mtama. Unaumimina pipani, unangoja upoe kidogo, unatia kimea, yaani ulezi uliooteshwa, ukaanikwa, ukasagwa. Unafunika. Kimea kikikuta joto lake, uji unalainika na kuwa mtamu, na bila utamu ule hakuna pombe, kuna uji mchungu tu. Joto likizidi kimea kinakufa. Likipungua kinalala.

Nikauliza joto lake ni kiasi gani. Akasema tia kiwiko, liume lisiunguze. Nikauliza hiyo ni digrii ngapi. Akanitazama kiwiko.

Nikauliza ukishafunika unafanya nini. Akasema unaondoka. Kwenda wapi? Popote, hata kanisani, mradi usiwe pale. Mwishoni akasema rafiki yangu akishindwa aje, asione haya. Nikamjibu rafiki yangu hashindwi.

Kiwiko! Mwaka 1953! Ndege zinavuka bahari, sie bado tunapima kwa kiwiko.

Jumatano, 8 Julai

Nimepata kipimajoto! Nilikwenda zahanati, nikamwambia Revelian nina homa za vipindi, ningependa kujipima nyumbani. Alinipa huku anatabasamu upande mmoja, akasema homa ya mapenzi haionekani kwenye kioo. Mwache acheke. Adui kanipa silaha kwa mkono wake.

Saa kumi na moja nikapika uji wa majaribio, chungu kidogo. Nikatia kimea. Nikatia kipimajoto. Zebaki ikapanda: 100, 105, 110. Nikasema haya, sasa ndiyo tunaanza. Tak! Kumbe kile cha wagonjwa kinaishia digrii 110 za Farenhaiti. Mgonjwa akipita hapo hapimwi tena, anaombewa. Kioo na zebaki vyote vimezama ndani ya uji.

Nimechimba shimo refu nyuma ya choo, nimefukia uji, chungu na mwiko. Mama Eufrazia alisimama mlangoni kwake akaniuliza ni msiba wa nani. Nikaendelea kusawazisha udongo.

Revelian amepita na baiskeli kuuliza homa inaendeleaje. Nimemwambia imekatika ghafla.

Ijumaa, 10 Julai

Avelina ni dhahabu. Amekuja ameficha kitu ndani ya khanga. Kipimajoto kirefu kama rula, kinafika 220!

Habari yake ni hii. Mzee Marselino ni mpishi wa Mzungu mmoja wa Oyster Bay, na Mzungu huyo hujipikia bia bafuni, hapo hapo anapooga. Ana kipimajoto, ana daftari, kila kitu anaandika. Sasa yuko likizo kwao mpaka Oktoba. Avelina amemwomba baba yake hicho kioo, na Mzee amekitoa, kwa masharti: kikivunjika, nitamweleza Bwana mwenyewe, kwa Kiingereza. Mzee ameongeza kwamba Bwana hushikilia digrii 150 kwa saa moja na nusu, na kwamba bia yake haijawahi kunyweka.

Haijawahi kunyweka kwa sababu si karani wa mizani.

Nilimsindikiza Avelina hadi njia panda. Nikamwuliza kama bado msimamo wake ni ule ule. Akasema ndiyo. Nikasema sikusikia vizuri, lori lilikuwa linapita. Akasema hakukuwa na lori.

Jumapili, 12 Julai

Jaribio la kwanza kubwa. Kibali cha kupika ninacho. Pipa nimepata, la chuma, zito, lililokuwa la mafuta ya taa. Nimelisugua kwa mchanga mara nne.

Uji ulitoka motoni unachemka. Nikapima: 212. Nikangoja ushuke hadi 152, nikaubeba na kuumimina pipani, nikatia kimea, nikapima. 129! Sijavuta hata pumzi! Pipa lile lilikaa uani usiku kucha na baridi ya kipupwe, likanywa joto langu lote kwa mkupuo mmoja. Na chuma hakishibi. Baada ya robo saa 118. Baada ya saa moja 99. Nikawasha moto chini yake, uji ukashika chini, juu ukabaki baridi. Nikaonja. Uji. Uji wenye harufu ya taa ya kandili.

Bata wa Mama Eufrazia walionja wakaondoka kwa mstari.

Lakini nimejifunza. Moja, pipa liwe la mbao. Mbili, pipa litiwe kwanza maji ya moto lishibe joto lenyewe, ndipo umimine uji. Hakuna shangazi aliyeniambia haya. Nimeyagundua mwenyewe!

(Mama Eufrazia anasema yeye hulisuuza pipa kwa maji ya moto kila mara na nilikuwa namwona miaka yote. Sikumbuki.)

Jumatatu, 13 Julai

Nimekwenda kwa Fundi Salumu, seremala wa barabarani hapa Keko, Mzaramo, mtu wa swala tano. Nikamwagiza sanduku kubwa la kukaa pipa la mbao ndani yake, na pembeni lijazwe maranda ya mbao, yashindiliwe, joto lisipate pa kutokea. Maranda anayo, mlima mzima, anayachoma kila siku.

Aliuliza sanduku la nini. Nikasema la kuweka uji. Akauliza uji gani unaolazwa kwenye sanduku kama maiti. Nikamwambia ukweli, posa. Akafikiri sana. Akasema uji ukiwa bado uji hauna neno, na sanduku lake litabeba uji. Utakachokuwa huko mbele ni baina yangu na Mola wangu.

Kazi ya Salumu haina mchezo. Mfuniko unaingia kwa kusukumwa na unatoka kwa kuvutwa. Nilijaribu kuuvuta mara sita akiwa anatazama, kuona kama bado unabana. Akasema, “Karani, mchungulia bahari si msafiri.” Sikumwelewa. Watu wa pwani wana maneno mengi.

Jumamosi, 18 Julai

Jaribio la pili. Pipa la mbao, nimelishibisha maji ya moto. Maranda. Blanketi juu. Sijawahi kujiandaa hivi hata kwa Komunyo ya Kwanza.

Saa nane kamili: 152. Nikaruka peke yangu uani. Nikafunika.

Saa nane na dakika tano nikafunua. 149. Nane na kumi, nikafunua. 146. Nane na robo, 142. Hapo nikaanza kuogopa, nikaamua kupima kila dakika mbili. Nikawa navuta mfuniko, natia kioo, nakoroga ili joto lisambae, nasoma, naandika, nafunika. Mvuke unanipiga usoni hadi karatasi inalowa. Saa tisa kamili: 113.

Nimefunua mara ishirini na nne na kila mara nimekuta limeshuka! Na nisingefunua ningejuaje? Linatokea wapi? Nimepapasa sanduku zima kwa mkono, halina ufa. Naushuku upepo wa kusi. Namshuku pia Revelian, aliyepita na baiskeli saa nane na nusu akapiga kengele zote mbili.

Nimeonja. Utamu upo, mdogo, umejificha. Ukiutafuta sana unaupata, halafu unaisha.

Mama Eufrazia alikuwa anapeta ulezi wake upande wa pili. Alisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamwambia guu langu zima. Akasema subiri.

Jumapili, 19 Julai

Habari mbaya. Baada ya misa Mzee Marselino aliniuliza pombe imefikia wapi. Nikasema tuko kwenye hatua ya vipimo. Mzee akaguna. Kumbe Revelian ana shangazi yake Ilala anayepika pombe ya ndizi, tena ya kusifika, na amemwambia Mzee kwamba ikitokea nafasi, mtungi uko tayari. Ikitokea nafasi! Nafasi ndiyo mie kutemewa pombe mbele ya ukoo!

Kimea kilichobaki ni cha mara moja tu. Kuotesha kingine, kuanika, kusaga, tarehe 26 itakuwa imepita. Na pombe yenyewe inataka siku nne tano za kuchacha. Kwa hiyo ni Jumanne au basi. Nikishindwa Jumanne, nimemkosa Avelina.

Nilikosa raha kabisa. Nikarudi Temeke jioni ile ile kumwuliza Avelina kama habari ya ndizi imembadilisha mawazo. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Akasema ndiyo. Nikauliza ndiyo amebadilika au ndiyo bado ananitaka. Akaingia ndani na ungo wake.

Jumanne, 21 Julai

Ghalani nimeomba ruhusa, nimesema nina homa za vipindi.

Saa tatu asubuhi uji tayari. Pipa limeshiba maji ya moto, nimeyamwaga. Nimemimina uji, nimetia kimea cha mwisho, nimekoroga. 151. Nikafunika, nikatandika blanketi, nikashika daftari, nikakaa kusubiri dakika tano.

Ikatimia dakika ya nne. Avelina akaingia uani na ukili wake wa mkeka. Akamwamkia Mama Eufrazia, akanitazama, akalitazama sanduku. Kisha akakaa juu yake. Juu ya mfuniko! Akaanza kusuka.

Nikamwambia kwa heshima ainuke kidogo, nataka kupima. Akasema hainuki. Nikasema nusu dakika tu. Akasema hainuki. Nikamweleza habari ya digrii, habari ya ndizi, habari ya kimea cha mwisho. Akasuka. Nikamgeukia Mama Eufrazia anisaidie kama mtu mzima. Mama Eufrazia alikuwa ameshika tumbo, machozi yanamtoka kwa kucheka.

Saa moja nzima! Nilizunguka ua ule mpaka bata wakanifuata. Nikajaribu kulisikiliza sanduku kwa sikio. Nikamwuliza Avelina kama anahisi joto pale alipokaa, na ni kiasi gani. Hapo ndipo aliposimamisha mkono. Hakukasirika. Alisema polepole, kama mtu aliyelifikiria jambo siku nyingi:

“Nimekuambia ndiyo mara tisa, Leonardi. Kila ukirudi kuifunua, inapoa. Ifunike, uiache.”

Nikamwambia kwa mujibu wa daftari ni mara kumi na moja. Akaendelea kusuka.

Saa tano kasoro robo akainuka mwenyewe, akakunja ukili wake. Nikaurukia mfuniko. Nikatia kioo.

146!

Saa moja na nusu, na digrii tano tu zimepotea! Nikachota kwa kidole. Jamani! Utamu ulinikaa ulimi wote, ukanishuka mpaka kooni, uji umelainika kama maziwa. Nikamwonjesha Avelina. Akafumba macho, akacheka. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na naandika hivyo bila haya. Mama Eufrazia akaja, akatia kiwiko, akalamba kiwiko, akasema sasa hiyo ni pombe inayokuja.

Nimeitafuta sababu hapo hapo, Avelina anatoka uani. Na nimeipata! Uzito. Mfuniko ulikuwa mwepesi, joto lilikuwa linauinua kidogo kidogo na kutoka. Avelina aliukandamiza. Nilimkimbilia kabla hajafika njia panda, nikamwomba kesho apite ghalani apande mizani, nijue ni ratili ngapi hasa zinazotakiwa.

Ameondoka bila kuaga. Nadhani alikuwa na haraka.

Alhamisi, 23 Julai

Pombe inachacha. Inanong'ona! Jana Mama Eufrazia aliichemsha upya, akaipoza, akatia kimea chake mwenyewe, bila kuniuliza. Nilitaka kupima, akanipa kuni nikapasue. Nikamaliza kuni zake. Akanipa za jirani.

Leo nimefika mlangoni kwake na kioo mara tatu. Mara ya tatu alikichukua, akakifungia sandukuni pamoja na kitambaa chake cha misa. Amesema nitakipata Jumatatu.

Jumapili, 26 Julai

Imekwisha. Naandika yote kwa utaratibu.

Tulifika kwa Mzee Marselino saa sita na nusu. Mtungi aliubeba Mama Eufrazia kichwani, alinikataza nisiuguse. Wazee watano barazani. Revelian naye yupo, kwa ajili ya goti.

Mzee akachotewa wa kwanza. Akanusa. Akanywa funda moja, akaliweka mdomoni. Mie nilikuwa nimeshika ukingo wa kigoda, natazama koo lake. Koo halisogei. Nikafikiria Ndanda, nikafikiria njia ya kurudi na mtungi. Kisha koo likasogea. Akanywa la pili. Akamaliza kata nzima, akampa wa kulia kwake. Wote wamemeza. Revelian amemeza mara tatu, akauliza kama imebaki.

Kisha Mzee akauliza, kama desturi inavyotaka, shangazi aliyepika pombe hii ni nani, asimame apewe shukrani. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikafungua daftari, nikainuka nisome digrii kuanzia tarehe 12. Mama Eufrazia akanikanyaga mguu, nikakaa. Yeye ndiye aliyesimama.

“Shangazi yake ni mie,” akasema.

Akafungwa khanga mpya kiunoni, vigelegele vikapigwa. Mzee akasema kumbe kijana ana watu hapa mjini. Miaka sita nimekaa Keko nikijihesabu mtu peke yangu, kumbe ukuta wa pili nina shangazi. Machozi yalinitoka. Nikamwambia Revelian ni moshi wa jikoni, akanipa leso yake. Si mtu mbaya sana.

Ndoa Septemba! Avelina alitoka ndani na khanga yake nzuri, akanitazama mbele za watu wote, akatabasamu. Nikamwinamia nikamwuliza kwa sauti ya chini. Akasema ndiyo.

Jumatano, 29 Julai

Nimepumzika, nimetafakari, nimepata somo langu.

Kwa upande wa pipa, ni uzito, hakuna jingine. Nimetafuta jiwe la ratili mia na kumi na tano, ninavyomkadiria Avelina kwa macho, maana mizani amekataa. Na kwa kuwa jiwe halitainuliwa kila dakika tano, nimemwagiza Fundi Salumu akate kijimlango ubavuni mwa sanduku, chenye bawaba, cha kupitishia kioo na mkono. Nitaweza kupima kila dakika mbili bila kugusa mfuniko! Salumu amenitazama kwa muda mrefu. Amesema atakata, lakini niandike mahali kwamba si wazo lake. Nimeandika.

Pombe ya harusi nitapika mie. Shangazi hajaambiwa.

Kwa upande wa Avelina, nimeanza ukurasa mpya wa daftari, kwa mpango, ili nisimsumbue ovyo. Jumapili saa saba mchana: ndiyo, na tabasamu. Jumapili saa kumi: ndiyo. Jumatatu asubuhi: ndiyo, kwa kuguna. Jumatatu jioni: alisema “hee”. Jana mchana: alinitazama tu. Jana jioni: mlango ulikuwa umefungwa, ingawa taa niliiona.

Kuna kushuka, sikatai. Nimeukagua ukurasa mzima na nadhani ni upepo huu wa kusi. Lakini sikati tamaa hata kidogo, maana safari hii kosa nimeliona mapema: napima mara chache mno. Sasa ni saa tisa na nusu. Nikitoka mbio nitamkuta kabla hajakwenda kisimani, nimwulize mara moja, halafu wakati wa kurudi, nimwulize tena.